Kuona Gari Si Kusoma Namba: Kamera za Vibao vya Gari Nyumbani

Kila kundi la WhatsApp la majirani lina video yake. Saa nane usiku gari linaingia polepole, linasimama, mtu anashuka, anabeba kilichoachwa kibarazani, anapanda, wanaondoka. Kamera imeona yote. Rangi ya gari inaonekana, mwendo wa yule mtu unaonekana, hata paka aliyeruka ukuta anaonekana. Kisha anatokea mmoja na swali ambalo wote walikuwa wakilisubiri: namba za gari? Pale penye namba pana doa jeupe tu, kama mtu amepaka chaki.

Ubishi unaanzia hapo. Mmoja anasema kamera ni duni, nunua ya 4K. Wa pili anasema video ipelekwe kwa mtu wa kompyuta "aisafishe". Wa tatu amesikia kuna kamera maalumu zinazosoma namba zenyewe na kukuambia mwenye gari ni nani. Wote watatu wamekosea, ingawa wa tatu amekosea kidogo kuliko wenzake.

Kabla ya kuwaamua, tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyatia kapu moja. La kwanza ni kunasa namba: kupata picha ambayo binadamu akiitazama ataweza kusoma kilichoandikwa kwenye kibao. La pili ni kusoma kwa mashine: programu inachukua picha hiyo na kuigeuza kuwa maandishi, ili uweze kutafuta "gari hili lilipita lini" bila kukodoa macho kwenye saa kumi za video. La tatu ni kumjua mwenye gari, na hilo linahitaji rejista ya usajili wa magari inayotunzwa na serikali. Nyumbani unaweza kufanya la kwanza. Ukitaka, utafanya na la pili. La tatu si lako, hata ununue kamera ya aina gani.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Kitengo cha utafiti wa kisayansi cha polisi wa Uingereza kiliibuni mwaka 1976, na kwa miaka mingi ilibaki kuwa kazi ya barabara kuu, madaraja na maegesho makubwa. Kilichobadilika ni kwamba vifaa vimeshuka bei na programu zimekuwa nyepesi kiasi cha kuendeshwa na kompyuta ya kawaida sebuleni. Fizikia haikushuka bei, na karibu kila anayejaribu jambo hili nyumbani hujikwaa kwenye fizikia.

Kwa nini kamera inaona lakini haisomi

Tuanze na upana. Kamera ya kawaida ya nyumbani huwa na lenzi pana, mara nyingi ile ya milimita 2.8, inayotazama pembe ya digrii 100 hivi. Imewekewa lenzi hiyo makusudi, kwa kuwa mwenye nyumba anataka kuona geti, ua na kipande cha barabara kwa pamoja. Sasa piga hesabu. Kwa umbali wa mita 15, pembe hiyo inafunika upana wa karibu mita 36. Kamera ya HD kamili ina vitone, yaani pikseli, 1920 kwa mlalo. Gawanya kwa 36, unapata vitone 53 kwa kila mita. Kibao cha mtindo wa Ulaya kina urefu wa sentimita 52, kwa hiyo kinapata vitone 28 tu, navyo vigawanywe kwa herufi na tarakimu saba. Ni vitone vinne kwa kila herufi. Chukua punje za maharage, panga herufi B kwenye meza huku upana wake usizidi punje nne, halafu umwite mtu umuulize kama ni B au 8.

Je, 4K? Ina vitone 3840 kwa mlalo, mara mbili. Kibao sasa kinapata kama 55. Ni afadhali, lakini bado. Kiwango cha Ulaya cha kamera za usalama, EN 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2015, kilitaka vitone 250 kwa mita ili uweze kumtambua mtu usiyemjua, na kipimo hicho si kibaya kuanzia hata kwa namba za gari. Kwa kibao cha sentimita 52 ni vitone 130. Kamera yetu ya 4K haijafika hata nusu.

Sasa ichukue ile ile kamera ya HD kamili, uifunge lenzi nyembamba inayotazama upana wa mita nne tu kwa umbali ule ule. Vitone 480 kwa mita. Kibao kinapata 250. Kamera ya zamani yenye lenzi nyembamba imeiacha mbali kamera mpya yenye lenzi pana, na hapo yule jirani wa kwanza amepata jibu lake.

Gharama yake ni kwamba kamera hiyo haioni kitu kingine. Haioni ua, haioni geti la pembeni, haioni aliyeshuka kwenye gari. Mshika mbili moja humponyoka: lenzi ya kusoma haiwezi kuwa lenzi ya kulinda. Ndiyo maana mtu mwenye kamera moja tu nyumbani asiigeuze kuwa ya namba. Kamera ya namba ni ya nyongeza. Inasimama pembeni ya nyingine inayoona mandhari yote, na saa zao zilingane kwa sekunde, ili namba uliyoisoma kwenye moja uweze kuiambatanisha na gari jekundu uliloliona kwenye ya pili. Mfumo ambao kila kamera ina saa yake ni chanzo cha ugomvi, hasa mbele ya polisi.

Neno dogo kuhusu zumu. Kuna zumu ya lenzi, ambapo vioo vinasogea na kuleta picha karibu kabla haijarekodiwa. Na kuna zumu ya kidijitali, ambayo ni kukata kipande cha picha iliyopo na kukitanua. Ya pili haiongezi chochote. Ni kama kuvuta kitambaa chenye matundu ukitegemea matundu yapungue.

Kasi, na ile picha iliyochuruzika

Tuseme vitone vinatosha. Gari linapita kwa kilomita 40 kwa saa, ambayo ni mita 11 kwa sekunde. Usiku kamera ya kawaida hufungua jicho lake kwa muda mrefu ili ikusanye mwanga, tuseme sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Katika muda huo gari limesogea sentimita 37. Likiwa linakatiza mbele ya kamera, kila herufi itaburutwa kwenye picha kama wino uliopitiwa na kiganja kabla haujakauka. Ukifupisha muda ule hadi sehemu moja ya elfu moja ya sekunde, gari linasogea milimita 11 tu. Mstari wa herufi kwenye kibao cha Uingereza una unene wa milimita 14, kwa hiyo hapo herufi inaanza kuwa herufi.

Gari linalokuja kuelekea kamera huchuruzika kidogo kuliko linalokatiza, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuielekeza kamera kufuata urefu wa njia badala ya kuikatiza. Lakini hata hapo, ukiwaachia mafundi wakuwekee mpangilio wa kiwandani, wa "automatiki", kamera itajichagulia muda mrefu kila giza linapoingia. Kuna jambo lingine linalosahauliwa: nyingi za hizi kamera, ili kusawazisha sehemu za giza na za mwanga, hupiga picha mbili au zaidi kwa muda tofauti na kuziunganisha kuwa moja. Kwa ua uliotulia hilo ni jambo jema. Kwa gari linalotembea, unapata kibao chenye kivuli chake mwenyewe. Zima.

Fupisha muda wa jicho kiasi hicho usiku, na picha inakuwa nyeusi kabisa. Watu wengi hukata tamaa hapa na kurudisha mpangilio wa kiwandani. Wasingefanya hivyo kama wangejua siri ya kibao chenyewe.

Jicho la paka

Mmulike paka kwa tochi gizani. Mwili wake huuoni vizuri, lakini macho yanakuwakia. Hayatoi mwanga, yanaurudisha wa tochi yako kule kule ulikotoka, na kwa kuwa tochi iko karibu na macho yako, unauona. Mtu aliyesimama mbali pembeni haoni kitu. Vibao vya namba katika nchi nyingi vimetengenezwa kwa ngozi yenye tabia hiyo hiyo. Ukuta wa kawaida husambaza mwanga kila upande, kibao kinaurudisha kwa aliyekimulika.

Kwa hiyo kamera yenye taa iliyobanana na lenzi yake inapata kutoka kwenye kibao mwanga mwingi kuliko kutoka kitu kingine chochote pale barabarani. Weka muda mfupi, tia taa ya infraredi, yenye mwanga ambao kamera inauona lakini jicho la binadamu karibu haliuoni, na utakachokiona usiku ni picha ya ajabu: giza tupu, na katikati yake kibao kinachoelea, kimeandikwa vizuri kabisa. Gari halionekani. Dereva haonekani. Anayeiona mara ya kwanza hudhani kamera imeharibika, kumbe ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi.

Sasa lile doa jeupe la kwenye video yetu linaeleweka. Ile kamera pia ilikuwa na taa za infraredi, kama karibu zote, lakini jicho lake lilikuwa wazi kwa muda mrefu ili lione ua. Kibao kikarudisha mwanga mwingi mno, kikaungua. Namba zilikuwepo. Zilizama ndani ya mwanga wao wenyewe.

Hilo ndilo jibu la jirani wa pili, mwenye mtu wa kompyuta. Kama kitone kimeungua kuwa cheupe, hakuna kilichofichwa nyuma yake; taarifa haikuingia. Kuna programu siku hizi zinazonoa picha kwa akili unde, na matokeo yake yanapendeza macho, lakini pale ambapo picha haina kitu programu inakisia. Itakupa herufi zinazofanana na herufi. Ni sawa na kumuuliza mtu mwenye kipaji cha kusimulia akueleze ajali ambayo hakuwepo. Picha ikiwa na giza kidogo au ukungu kidogo, msaada upo. Ikiwa imeungua, haupo.

Kwenye taa kuna uchaguzi wa aina mbili. Hutajwa kwa nanomita, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga. Za nanomita 850 zina nguvu zaidi, lakini ukizitazama usiku unaona wekundu hafifu. Za nanomita 940 hazionekani kwa jicho la binadamu, ila hazifiki mbali sana. Kwa njia ya kuingilia nyumbani mimi ningechukua 850 bila kufikiri mara mbili. Wekundu ule si siri kubwa, na kamera ya usalama haipotezi kitu ikionekana.

Kisha kuna taa za gari lenyewe. Zikimulika moja kwa moja kwenye lenzi zinaweza kufunika kila kitu kilicho kati yake. Muda mfupi wa jicho unasaidia sana. Lakini kama unaweza kuchagua, nasa kibao cha nyuma, gari likiwa linaondoka: taa za nyuma ni hafifu, pikipiki nyingi zina kibao nyuma tu, na yako majimbo ya Marekani yasiyodai kibao cha mbele kabisa.

Iwekwe wapi

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kamera huambiwa. Kosa la kawaida ni kuipandisha juu kabisa chini ya paa, ambako inaonekana salama. Ikiwa juu ya mita tano na gari liko mita sita mbele, inakitazama kibao kwa mteremko mkali. Herufi zinabonyea, na ule mwanga wa jicho la paka unapungua. Jitahidi pembe isizidi digrii 30, kwa juu wala kwa pembeni, na ikiwa ndogo zaidi ni bora. Kamera ya mita mbili na nusu au tatu kutoka ardhini, ikitazama gari lililo umbali wa mita 12 hadi 15, iko mahali pazuri.

Tafuta mahali ambapo magari yanalazimika kupunguza mwendo na kupita sehemu moja: mdomo wa geti, kona, tuta. Hapo ndipo lenzi nyembamba inapokaa. Ukiielekeza kwenye barabara pana ambako magari yanapita popote, utapata nusu ya vibao na bampa nyingi.

Kamera za betri na waifai, zile zinazolala hadi zihisi mtu, sizishauri kwa kazi hii. Gari la kilomita 40 kwa saa linavuka upana wa mita nne kwa theluthi moja hivi ya sekunde. Kamera inayohitaji sekunde nzima kuamka itarekodi barabara tupu na vumbi. Tumia yenye waya, inayorekodi muda wote. Na fokasi uirekebishe kwa mkono, usiku, taa za infraredi zikiwa zimewaka, kwa sababu mwanga huo hukusanyika mahali tofauti kidogo na ule wa mchana. Picha iliyokuwa kali saa sita mchana inaweza kuwa na ukungu saa sita usiku.

Mashine inaposoma

Programu ya kusoma namba hufanya kile ambacho mtoto anayejifunza kusoma hukifanya. Kwanza inatafuta kibao kiko wapi kwenye picha, kisha inatenga herufi moja moja, kisha inakisia kila moja. Na hukosea pale pale mtoto anapokosea: O na 0, B na 8, I na 1, S na 5. Programu nzuri inajua mpangilio wa namba za nchi husika, kwamba mahali fulani hapawi na herufi, hivyo inajirekebisha. Ndiyo maana programu iliyofunzwa kwa vibao vya nchi moja inaweza kuyumba ikipelekwa nchi nyingine.

Kila jibu huja na asilimia ya uhakika. Waliotengeneza mfumo wanajua maana yake. Mwenye nyumba anayepokea ujumbe kwenye simu saa tisa usiku hukumbuka namba tu na kusahau asilimia. Weka kanuni nyumbani kwako kwamba maandishi ya programu ni ya kutafutia, na ushahidi ni picha yenyewe.

Hata namba ikisomwa sawasawa, kosa linaweza kuwa mbele yake. Agosti 2020, mjini Aurora katika jimbo la Colorado nchini Marekani, polisi waliizuia familia kwa bunduki na kuwalaza watoto kifudifudi kwenye lami. Mfumo wa kusoma namba ulikuwa umetoa tahadhari ya chombo kilichoibwa. Tarakimu zililingana kweli. Ila kilichoibwa kilikuwa pikipiki ya jimbo la Montana, na hili lilikuwa gari la Colorado lenye namba kama hiyo. Hakuna aliyesimama kuuliza kama pikipiki inaweza kuwa gari. Kama polisi wenye mafunzo walifika huko, jirani mwenye hasira na picha ya simu atafika upesi zaidi.

Na kuna vibao vya kuibwa na vya kunakiliwa. Mwizi aliyejipanga haji na namba zake. Ukipata namba umepata mahali pa kuanzia, na huenda pakawa nyumbani kwa mtu aliyeamka asubuhi akakuta kibao chake kimeng'olewa. Kwa hiyo namba hiyo isirushwe mtandaoni na maneno "huyu ndiye". Ipeleke polisi pamoja na video ya kamera ya pili inayoonyesha gari lenyewe. Wao ndio wenye njia halali ya kuifikia rejista. Nchini Marekani kwa mfano, sheria ya mwaka 1994 inazuia ofisi za usajili kutoa taarifa za wenye magari ovyo, na nchi nyingine nyingi zina vizuizi vya namna hiyo.

Barabara si yako

Hapa watu hunijia juu: barabara ni ya umma, yeyote anaweza kuitazama, kwa nini kamera yangu isitazame? Kutazama ni jambo moja. Kuandika daftari la kila jirani, alitoka saa ngapi, alirudi saa ngapi, alitembelewa na gari gani, ni jambo jingine, hata kama kila mstari wa daftari hilo umetokea hadharani. Kamera ya kawaida inasahau inapojifuta. Yenye programu ya kusoma namba inakuwa daftari.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikutana na suala la karibu na hili. Mtu mmoja wa Jamhuri ya Czech, baada ya nyumba yake kuvunjwa madirisha, aliweka kamera chini ya paa iliyoona mlango wake, njia ya umma na mlango wa nyumba ya mbele. Iliwanasa washukiwa wawili. Hata hivyo, Desemba 2014 mahakama ilisema kamera inayofunika eneo la umma haiwezi kuitwa shughuli ya nyumbani tu, na kwa hiyo sheria ya data binafsi inaigusa. Haikusema ni haramu. Ilikubali kwamba kulinda nyumba ni sababu halali ya kupimwa. Nchi zilizo nje ya Umoja huo zina sheria zao, na ni vyema uisome ya kwako kabla ya kutoboa ukuta.

Kwa vitendo si vigumu. Ielekeze kamera kwenye geti lako, na panapowezekana funika kwa kivuli cha programu sehemu ya picha isiyokuhusu. Weka siku chache za kuhifadhi, halafu rekodi zijifute zenyewe. Weka kibandiko kinachosema kuna kamera. Na badilisha nywila ya kiwandani siku hiyo hiyo: mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilivamia kamera na mashine za kurekodia nyingi mno kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, kisha kikazitumia kushambulia mitandao ya watu. Kamera ya usalama yenye nywila "admin" ni dirisha lililoachwa wazi, na safari hii nyuma yake kuna orodha ya saa unazotoka nyumbani.

Fundi akimaliza, usimlipe mchana. Subiri giza. Pita na gari lako kwa mwendo wa kawaida, taa zimewaka, mara tatu. Rudia siku ya mvua na siku kibao kina vumbi. Usiisome rekodi wewe, maana namba zako unazijua kwa kichwa na macho yako yatakudanganya. Mpe mtu asiyelijua gari hilo, kalamu na karatasi, aandike anachokiona.